Kabla hujauliza riwaya inahusu nini, uliza inatokea wapi

Watu huniuliza sana wasome nini, hasa wale walioacha riwaya tangu shule na sasa wanataka kurudi, na siku hizi sikimbilii kutaja majina ya vitabu. Namuuliza mtu kwanza: ile stori uliyoipenda zamani, hata kama ulihadithiwa tu na nyanyako, ni kitu gani kimebaki kichwani? Wengi hawakumbuki nani alimuoa nani wala mwisho ulikuwaje, wanakumbuka mahali. Nyumba fulani yenye ngazi ya giza, stesheni ya gari moshi usiku, shamba la mtu mkali. Basi anzia hapo hapo. Mahali palipokushika ndipo ladha yako ilipo, na ukishaijua ladha yako hutohangaika tena na vitabu ambavyo kila mtu anavisifu na wewe kila ukifungua unasinzia.

Mimi ni mtu wa bandari. Nimezaliwa hapa kisiwani Mombasa, na riwaya yoyote ikiwa na forodha, makuli, mabaharia na madalali, mimi nshaingia. Lakini si kwa uzuri wa bahari, manake ule mchanga mweupe na minazi ni mambo ya kuuzia watalii, na mwandishi akiganda hapo kurasa mbili tatu mimi hukifunga kitabu. Kinachonivuta ni vile bandari inavyowakutanisha watu wasiojuana kabisa alafu ikawatenganisha kwa nguvu. Hebu fikiria zile enzi za majahazi. Kaskazi ikivuma, kama Disemba hadi Machi hivi, majahazi yanateremka kutoka Arabuni na Bara Hindi na tende na chumvi na papa mkavu na mazulia, alafu mabaharia wanakaa hapa Mombasa au Lamu au Unguja wakingojea upepo ugeuke, kusi ianze kama Aprili, ndio wapakie boriti na warudi kwao. Sasa mtu akikaa mji wa watu miezi mizima anafanya nini? Anakopa, anakopesha, anapenda, anaoa, anafiwa na mwenzake na kumzika ugenini. Na upepo ukigeuka lazima aamue, anakwenda au anabaki, na akienda huyu mke aliyemuoa hapa itakuwaje. Mwandishi hana haja ya kutafuta vituko vya kuharakisha mambo, upepo wenyewe unaharakisha.

Ndio maana Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, naipendekeza kwa mtu yeyote anayeniambia riwaya za Kiswahili ni za mitihani tu. Rashidi anabeba mizigo bandarini Unguja na stori inaelekea kwenye ule mgomo wa kweli wa makuli wa 1948. Mtoe Rashidi bandarini umpeleke shamba, hakuna riwaya tena. Hasira yake, urafiki wake, kufunguka kwake macho, vyote vimetoka kwenye ile kazi na ule mzigo.

Na hiki ndicho kipimo nachompa kila mtu. Ukishasoma chapta mbili tatu jiulize, hawa watu ningewahamishia Nakuru au Kisumu kingebadilika nini? Ikiwa ni majina ya mitaa tu basi mahali hapo ni rangi ya juu juu. Lakini chukua kijana anayetoroka Mombasa kuelekea Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, miaka ya 90. Barabara ya Dongo Kundu ya kuzunguka bila kupanda feri haipo bado, kwa hivyo ni feri pale Likoni, na kwenye feri huwezi kukimbia. Unasimama na umati, unangojea, maji mbele na maji nyuma, na yule anayekutafuta huenda yuko kwenye feri hiyo hiyo karibu na magari. Hiyo huwezi kuipeleka Nakuru. Mahali pakimfunga mtu namna hiyo mimi siwezi kulala mpaka nijue ametoka vipi.

Upande wa maudhui, udhaifu wangu mkubwa ni nyumba moja yenye watu wengi na mirathi ambayo haijagawanywa. Nadhani mtu yeyote aliyekulia pwani anaelewa kwa nini. Baba amefariki, ameacha nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, wajane wawili, watoto wa hapa na watoto wa Lamu, na hati haionekani. Mafungu yenyewe kwenye sheria ya dini yanajulikana, marehemu akiwa na watoto wajane wanagawana thumni, yaani moja ya nane, mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, sawa, lakini sasa hebu igawe nyumba moja yenye jiko moja na ngazi moja! Nani anahama? Nani anamnunua nani? Dada aliyemuuguza mzee miaka yote anaambiwa nini na kaka aliyekuja juzi kwa mazishi? Na zile kuta ni nene lakini madirisha yanatazamana, mtaa mzima unasikia. Hapo kuna mapenzi, wivu, dini, pesa, siri za ujana wa marehemu, na hakuna hata mtu mmoja aliyetoka nje ya mlango.

Watu waliofungiwa pamoja ni jambo kubwa sana kwenye riwaya, na sisi tuna mfano wake tunaupita kila siku tukienda sokoni. Ngome ya Fort Jesus ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698, na ndani mlikuwa na Wareno na wenyeji waliokuwa upande wao, na maradhi yakawamaliza watu wengi sana. Karibu miaka mitatu humo! Mtu anayependa stori za meli iliyopotea au kijiji kilichozibwa na theluji huko Ulaya, ajue anachokipenda hasa ni mlango uliofungwa, na milango iliyofungwa tunayo hapa petu.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi 2021, wengi walitaka kujua waanze na kipi, na hapa ndipo kujua ladha yako kunasaidia kweli kweli. Kama wewe ni mtu wa safari, wa misafara na bara na biashara, shika Peponi, ambayo sasa ipo kwa Kiswahili, inamfuata Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa deni la babake. Kama ni mtu wa nyumba na ugomvi wa urithi kama mimi, shika By the Sea, ina mzee anayeomba hifadhi Uingereza na nyuma yake kuna kesi ya nyumba Unguja. Mwandishi ni mmoja, milango ni miwili, ukiingia kwa ule usio wako unaweza ukasema huyu mtu hanipendezi na kumbe hukufika panapokufaa.

Ukiwa kwa wauza vitabu vya mtumba usisome maneno ya nyuma ya kava, hayo yameandikwa kuuza. Fungua katikati uangalie mtu anafanya nini kwa mikono yake. Akiwa anapaa samaki, anashona, anahesabu magunia, anafungua kontena, mwandishi anapajua mahali. Wakiwa wamekaa tu wanazungumza kurasa nzima na hujui hata wako chumba gani, rudisha.

Mimi kwa sasa natamani sana riwaya ya bandari ya leo. Treni mpya ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilianza 2017, mizigo ikahamia huko, madereva wa malori na wenye mahoteli ya barabarani kutoka Changamwe hadi Mariakani wakaona riziki inapungua mbele ya macho yao. Kuna mama aliyekuwa akiuza chai na mahamri kwa madereva usiku kucha, kuna dereva mwenye familia mbili, moja huku na nyingine kule mwisho wa safari, na sasa hana tena sababu ya kwenda kule. Iwe ndefu, iwe na majina ya steji na bei ya chai. Kama unaiandika, ntaisoma.