Sahihi zipo ukurasa wa sita, Word inaonyesha wa kwanza tu

Maswali ya kompyuta kutoka kwa wasomaji wa Kusini. Anajibu mwendesha steshenari, Chikongola, Mtwara Mjini.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha korosho huku Newala. Taarifa ya mkutano mkuu nimeiandika kwa Word, na natakiwa niambatanishe muhtasari wa kikao cha bodi, kurasa sita zilizoskaniwa kuwa PDF. Nikiuingiza naona ukurasa wa kwanza peke yake. Sahihi za wajumbe na muhuri vipo ukurasa wa sita. Nilipojaribu kwenye kompyuta ya jirani ilikuja alama ndogo ya faili, hata huo ukurasa wa kwanza haukuonekana. Na sasa taarifa imekuwa nzito, barua pepe inaikataa. Nifanyeje?
Katibu, Newala

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kurasa zako hazijafutika. Ukibofya mara mbili juu ya ule ukurasa mmoja unaouona, PDF nzima itafunguka na kurasa zote sita utazikuta. Unapopita Insert, halafu Object, Word inalimeza faili lote tumboni, lakini kwa nje inaonyesha picha ya ukurasa wa kwanza tu. Ndiyo maana taarifa imekuwa nzito. Ukiprinti, kitakachotoka kwenye karatasi ni ile picha, basi. Na mjumbe atakayeifungua kwenye simu mara nyingi hataweza kuingia ndani yake.

Hili hunifika dukani kila msimu wa mikutano mikuu, na linaniuma, kwa sababu muhtasari usio na ukurasa wa sahihi ni maelezo tu. Mkulima aliyeuliza swali kwenye kikao ana haki ya kuona nani alitia mkono chini ya jibu alilopewa.

Kwa hiyo jiulize kwanza: taarifa hii itasomwa wapi? Kama ni kwenye karatasi, au itatumwa WhatsApp na barua pepe isomwe tu, usiiingize PDF ndani ya Word kabisa. Malizia taarifa yako. Mahali pa kiambatisho weka ukurasa mmoja ulioandikwa “Kiambatisho A: Muhtasari wa kikao cha bodi, kurasa 6”. Hiyo idadi usiiache, maana namba za kurasa za Word hazitafika kwenye muhtasari ulioskaniwa, na karatasi moja ikidondoka hakuna atakayejua. Kisha hifadhi taarifa yenyewe kuwa PDF kwa File, Save As, uchague PDF kwenye orodha ya aina za faili. Sasa una PDF mbili, ziunganishe. Mimi natumia PDFsam Basic. Ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji bando.

Zipo tovuti nyingi za kuunganisha PDF, lakini kwa kazi ya chama sizishauri. Muhtasari wa bodi huwa na majina ya wakulima, kilo zao, pengine na namba za akaunti za benki. Ukiupandisha kwenye tovuti usiyoijua, umewakabidhi watu hao kwa mtu msiyemfahamu, na wao hawakukutuma kufanya hivyo.

Kama ofisi unakopeleka inang’ang’ania faili la Word, basi kila ukurasa uwe picha. Karatasi zenyewe kama bado unazo, njia rahisi ni kuziskani upya kwa JPG badala ya PDF, kwa rangi, ili muhuri uonekane, na kwa dpi 200 (dpi ni wingi wa nukta za picha). Ukichagua 600 utarudi kulekule kwenye faili zito. Kama karatasi huna, fungua PDF kwa LibreOffice Draw, nayo ni ya bure, utoe ukurasa mmoja mmoja kuwa picha. Halafu ziingize Word kwa Insert, Pictures.

Hapo utakutana na mambo mawili. La kwanza ni pambizo. Word kwa kawaida huacha sentimita 2.54 kila upande. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, hivyo nafasi ya kuandikia inabaki kama milimita 159. Ukurasa mzima ukibanwa humo unabaki kama robo tatu ya ukubwa wake. Herufi ya pointi 12 inakuwa kama pointi 9. Wazee wetu wa mkutano mkuu hawataisoma hiyo. Kabla ya kiambatisho nenda Layout, Breaks, chagua Next Page, kisha kwenye sehemu hiyo mpya punguza pambizo hadi sentimita 1. Kurasa zilizotangulia hazitaguswa.

La pili: picha inaweza kuonekana kama uzi mwembamba, nyingine yote imekatwa. Picha ni nzima. Aya uliyoiweka ina nafasi ya mistari iliyofungwa kwa kipimo cha Exactly. Ibadilishe kuwa Single, itafunguka yote.

Ile alama ndogo kwenye kompyuta ya jirani inatokana na programu iliyopewa kazi ya kufungua PDF. Yenye Acrobat Reader huonyesha ukurasa. Ambayo PDF zake hufunguliwa na kivinjari, kama Edge, huishia kwenye alama. Na siku Word ikikuambia kwamba programu ya AcroExch (ndivyo inavyoiita Acrobat) haipo au haijibu wakati Reader unaiona ipo, ingia Reader, Edit (au Menu kwenye matoleo mapya), Preferences, sehemu ya usalama, ondoa tiki kwenye Enable Protected Mode at startup, funga kila kitu ujaribu tena. Ukimaliza kazi irudishe tiki. Ni kinga dhidi ya PDF zenye virusi, na flashi zinazopita ofisini kwako ni nyingi.

SWALI: Nimepata jedwali la alama za mtihani kwa PDF, nikalifungua kwa Word ili nilinakili kwenye ripoti ya shule. Safu zimehama, majina yamepanda kwenye alama za wengine. Word yangu imeharibika?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Haijaharibika, Mwalimu. Word imeweza kufungua PDF tangu toleo la 2013, lakini inakisia. PDF, ambayo Adobe waliitoa mwaka 1993, ilikusudiwa ukurasa uonekane vilevile kila mahali. Mara nyingi ndani yake hamna jedwali. Mna herufi na mistari, kila kimoja na mahali pake pa kukaa. Word ndiyo inajaribu kubahatisha safu zilipo. Aliyekutumia muombe faili la Excel lenyewe. Akikosa, na kama Excel yako ni ya Microsoft 365, ingia Data, Get Data, utafute kuchukua kutoka PDF. Kwa majedwali huwa na nafuu. PDF ikiwa ya kuskani, njia hizo hazitakusaidia kitu, maana ni picha tupu. Andika kwa mkono, mwenzako akusomee. Kwa njia yoyote utakayotumia, linganisha kila mstari na PDF ya asili kabla ripoti haijatoka, kwa sababu mtoto aliyepata 71 akiandikiwa 17 atarudi nayo nyumbani hivyohivyo.

SWALI: PDF niliyoingiza kwenye Word inafunguka kwangu. Nikihamisha Word kwenye flashi na kuifungua kwingine haifunguki. Kwa nini?
Msomaji, Masasi

JIBU: Ulipoiingiza uliweka tiki kwenye Link to file. Word ilichukua anwani ya faili, faili lenyewe likabaki kwenye kompyuta yako. Lifute, liingize upya bila tiki hiyo.