Saa ya marehemu baba mdogo: anza na pete

Pole kwa msiba, ndugu. Umesema baba mdogo amekuachia saa ya kuzamia, Blancpain Fifty Fathoms ya kisasa, nawe unauliza watu huona nini humo zaidi ya bei.

Izungushe pete ya juu, inayozunguka kioo. Inakubali upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale. Mzamiaji huweka alama ya pete mkabala na mshale wa dakika anapozama. Pete ikigongwa mwambani ikasogea, itaonyesha amekaa chini muda mrefu kuliko kweli, naye atapanda mapema, hewa ikiwa bado ipo. Hapo ndipo nilipoipenda saa hii: hata ikikosea, inakosea kwa kumwokoa mtu. Kisha zima taa utazame namba zikiwaka chini ya kioo cha yakuti samawi kilichobinuka. Aina hii ilianza 1953, ikavaliwa na wazamiaji wa jeshi la Ufaransa. Jina lake maana yake fathomu 50, kipimo cha kina cha bahari, yaani kama mita 91.

Ila usiogelee nayo kwanza. Mipira ya kuzuia maji huzeeka hata kabatini. Saa yangu ya awali iliingia ukungu hivyo. Tafuta fundi mwenye mashine ya kupima mgandamizo, na kamwe usifungue kifundo cha ufunguo, kile cha ubavuni cha kurekebishia saa, ukiwa majini.