Mdogo wangu, usianze na kasi

Wiki hii nimepokea ujumbe wa binti wa kidato cha tatu kutoka Dodoma. Ni mrushaji wa kriketi shuleni kwao, anaitaka timu ya taifa, na swali lake ni moja: afanyeje mpira wake uwe na kasi? Namjibu hapa hapa, maana najua wenye swali hilo mko wengi na hata mimi nililala nalo kwa muda mrefu.

Mimi nilianza na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe, kwenye uwanja wa shule wenye mchanga. Wa ngozi nilikuja kuushika baadaye. Wa wanawake una uzito wa kati ya gramu 140 na 151, mwepesi kuliko wa wanaume, lakini ukikupata kwenye kidole utaujua. Klabu niliyojiunga nayo ilinipenda sana siku za mazoezi. Narusha kwenye neti mpaka bega linawaka moto, wapigaji wajinoe. Ikifika siku ya mechi, kazi yangu ni kufukuza mipira mpakani mwa uwanja. Hata ova ya mwisho, yaani zamu ya kurusha mipira sita, mechi ikiwa imeshaamuliwa, sikupewa. Hilo sijalisahau, na sitajifanya nimelisahau.

Nilichofanya ni kubaki uwanjani wenzangu wakishaondoka. Naweka kiatu kikuukuu mbele ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, mpira ukiviangusha ametoka, pale ambapo mpigaji anashindwa kuamua asogee mbele au arudi nyuma. Narusha mpaka nakigonga. Kesho yake tena. Kocha aliyenichagua timu ya taifa hakuwahi kuniuliza kasi. Alisimama nyuma ya neti, akawa anatazama mipira yangu inadunda wapi.

Na mlango ulikuwa umeshafunguka. Tangu Julai 2018, Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, linazihesabu mechi zote za T20, zile fupi za ova 20 kwa kila timu, baina ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama kuwa za kimataifa rasmi. Kwa hiyo nilipocheza Kwibuka jijini Kigali, mashindano yaliyoanza 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, jina langu liliingia kwenye kumbukumbu zilezile zenye majina ya wachezaji wa Australia na India. Jina langu mimi!

Uwanja wa Gahanga, hukohuko Kigali, uko nyanda za juu, na sisi tuliozoea joto la Dar pumzi zilitukatika mapema. Mpigaji wa kwanza aliupiga mpira wangu hadi mpakani bila huruma. Nahodha akanirudishia mpira, akaniambia nirushe palepale. Nikarusha palepale. Safari hii aliyumba katikati, mbele hakwenda, nyuma hakurudi, nikasikia vijiti vinalia. Nililia machozi uwanjani na sioni aibu kulisema.

Sasa sikilizeni, mabinti. Katika T20 mrushaji ana ova zisizozidi nne, yaani mipira 24 halali. Ukitupa hovyo sita kwa kutafuta sifa ya kasi, umegawa robo ya kazi yako. Henriette Ishimwe wa Rwanda, Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini, aliwatoa wapigaji wanne wa Zimbabwe kwa mipira minne mfululizo. Siku chache baadaye Rwanda ikaishinda West Indies. Wasichana wa jirani zetu kabisa! Kwa hiyo mtu asikwambie huu ni mchezo wa wengine. Fanya mazoezi. Wakikunyima mpira, fanya mazoezi. Wakikusifu, usinenepe kichwa, rudi kwenye kiatu chako. Kasi itakuja mwili ukikomaa, ila mkono uliozoea kutupa ovyo ni kazi kuunyoosha.

Na wewe wa Dodoma, chunga mguu wa mbele. Ukitua wote nje ya mstari wa kurushia, umetoa mkimbio wa bure, na mpira unaofuata mpigaji anapiga karibu bila hofu ya kutoka. Mwombe mwenzako akurekodi akiwa amesimama ubavuni, usawa wa mstari, mguu uonekane vizuri. Kisha nitumie hiyo video. Nitaitazama mwenyewe.