Kabla Hujapanda Ngazi na Kitambua Moshi

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kazi ya stima kwangu hapa Kisumu huamini kitambua moshi ni kibarua cha dakika kumi: skrubu mbili, betri, bonyeza kitufe, kikilia dai pesa yako. Nami niliamini hivyo. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa ploti ya ghorofa nne kule Migosi, na wapaka rangi walikuwa hawajamaliza. Nikaacha vile vifuniko vya plastiki juu ya vitambuzi ili visiingie vumbi, nikalipwa, nikaenda zangu. Miezi saba baadaye nikaitwa kutengeneza soketi. Kuinua macho koridoni, vifuniko vyote viko palepale! Familia kumi na sita zilikuwa zikilala chini ya vyombo vilivyozibwa pua. Siku hizi vifuniko navitia mfukoni na kuvihesabu kabla sijatoka getini.

Landilodi atakuuliza nani amesema ni lazima. Mjibu kwa uangalifu. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 ziliandikwa kwa ajili ya mahali pa kazi. Ndizo zinazodai ukaguzi wa moto na mazoezi ya kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Akisema "hii ni nyumba ya kupangisha, si kiwanda", ana nusu ya hoja. Mwonyeshe nusu nyingine pale chini: kinyozi, duka la M-Pesa, na jamaa wa chipsi ambaye karai lake la mafuta liko chini ya vitanda vya watu. Hapo ni mahali pa kazi. Zimamoto nayo ni jukumu la kaunti tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo maswali ya vibali yapelekeni huko mchoro ukiwa bado karatasi. Na usimnukulie mtu kanuni za ujenzi za 1968. Zimeshapisha zile za 2024.

Sasa kazi yenyewe. Moshi hupanda, hugonga dari, kisha hutambaa. Mahali pa kitambuzi ni karibu na katikati ya dari, angalau sentimita 30 kutoka ukutani au kwenye taa, kwa sababu kwenye kona hewa hutuama na moshi huchelewa kufika. Dari ikiwa ya mgongo, usikiweke kwenye ncha kabisa. Shuka kama sentimita 10. Koridoni nje ya vyumba vya kulala kwanza, kisha ndani ya kila chumba pesa zikiruhusu, na kila ghorofa iwe na chake. Jikoni weka kitambua joto.

Lakini bedsita je, ambako jiko na kitanda vinatazamana? Hapa ndipo utajulikana kama wewe ni fundi. Ukikiweka juu ya meko, chapati ya kwanza tu kitapiga mayowe, na jioni hiyo hiyo mpangaji atang'oa betri. Simlaumu. Kipeleke upande wa kitanda, mita tatu kutoka jikoni kama chumba kinaruhusu, na uchague kile kinachotumia mwanga kutambua moshi. Hicho hakisumbuliwi sana na moshi wa kupikia, na hushika mapema godoro linalofukuta polepole. Kiwe na kitufe cha kukinyamazisha kwa muda. Mfundishe mpangaji kukitumia mbele yako, yeye mwenyewe akiwa juu ya stuli.

Tuna pia wadudu wa ziwani. Usiku hufuata taa kwa maelfu, na mdudu akiingia kwenye chumba cha kitambuzi, chombo humdhania moshi. Kwa hiyo kaa mbali na taa ya veranda, na kila baada ya miezi sita pitisha brashi laini.

Kuhusu stima, wengi hukosea kwenye tokeni. Kitambuzi cha waya ukikiunga kwenye mita ya mpangaji, tokeni zikiisha kinabaki na betri yake ya akiba peke yake, na ikiwa ilishakufa hakuna kitu. Vya ngazini viunge kwenye mita ya landilodi. Vya ndani viunge kwenye laini ya taa inayotumika kila siku: swichi ikianguka mtu atagundua jioni hiyo hiyo. Ule mlio mfupi unaorudi kila baada ya muda ni betri inayoomba kubadilishwa. Umri wa chombo ni miaka kumi kuanzia tarehe iliyochapwa mgongoni, basi iandike kwa kalamu ubavuni ionekane. Kitufe kibonyezwe kila mwezi.

Usimdanganye mtu kwamba kitambua moshi kinalinda kila kitu. Hakinusi gesi ya mtungi, ambayo ni nzito na hutambaa sakafuni. Hakitambui hewa ya sumu ya jiko la makaa, inayoua watu waliofunga madirisha kwa ajili ya baridi. Wenzetu wa Nakuru na Molo wanaijua vizuri kuliko sisi wa joto.

Jambo la mwisho halimo katika malipo yako, ila lifanye. Kengele ikilia wakati wa kujaribu, uliza ufunguo wa grili uko wapi. Niliuliza hivyo kwa mama mmoja Nyalenda, mlango wa chuma umefungwa kwa kufuli na watoto watatu wanacheza sebuleni.

"Baba watoto amekwenda nao kazini."

"Anarudi saa ngapi?"

"Asubuhi. Wiki hii yuko zamu ya usiku."

"Na nyinyi mkitaka kutoka?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mimi niliingia kwa dirisha la nyuma ambalo fundi wa vioo alikuwa hajalimaliza. Nilitoka kwa dirisha hilo hilo kwenda Kondele kumtafuta mchonga funguo, skrubu ya pili ikiwa bado mfukoni.