Ukishaitwa injinia hakuna anaekufundisha tena

Swali la wiki hii mmeuliza hivi, mhandisi amalize digrii kwanza ndo aende kujifunza kazi, au kazi na digrii viende pamoja toka mwaka wa kwanza? Najua wengi watasema asome kwanza, maana bila nadharia utabaki fundi mwenye cheti kikubwa. Mi nipo Arusha hapa, nina digrii ya mekanika na niko mwaka wa kwanza wa SEAP ambao sa hivi unaelekea mwishoni, na jibu langu ni viende pamoja. Ila sababu yangu sio ile ya "vitendo ni muhimu", hiyo hata bibi yangu anaijua.

Kwa asieijua SEAP, ni mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ulioanza 2003, mhitimu unakaa miaka mitatu kazini chini ya mhandisi aliyesajiliwa, unajaza logibuku, kila miezi mitatu unatuma ripoti, na ukimaliza ndo unaomba usajili wa mhandisi kamili. Ni uanagenzi kabisa huo. Tofauti ni kwamba unakuja na digrii mkononi tayari, na hapo ndo shida yangu inapoanzia.

Yani mlinzi wa getini siku ya kwanza tu, "karibu injinia". Karakana nzima, injinia. Mama wa chai, injinia. Kichekesho ni kwamba kwa sheria ya usajili ya 1997 mi bado ni mhandisi mhitimu tu, ukamilifu wenyewe upo miaka huko mbele, lakini kiwandani washanipa cheo na cheo kikishakuja watu wanaacha kukuelekeza. Mota ikizima wote wananigeukia, "injinia anasemaje?", na anaeuliza ni mzee aliyeanza kazi pale mi sijazaliwa, anajua tatizo toka ile mashine ilipobadilisha mlio, lakini ni mtu wa heshima zake, hawezi kumfundisha injinia mbele za watu akaonekana anamdhalilisha, na mi siwezi kumuuliza kitu cha kitoto mbele ya vijana ambao kesho natakiwa niwapangie kazi. Sasa hapo heshima imetoka pande zote mbili na hakuna aliyejifunza kitu.

Aliyeniokoa ni dogo wa fildi. Alikuja kijana wa diploma kufanya mafunzo kwa vitendo, ovaroli kubwa kuliko yeye, na huyo alikua anauliza kila kitu bila aibu yoyote. Mzee hii nini, Mzee mbona hii nyekundu, Mzee kwanini hufungi hii kwanza. Na Mzee anamjibu! Anamtukana kidogo, "we dogo una akili za kuku", alafu anamwelekeza mwanzo mpaka mwisho. Mi nikawa najibanza pembeni na daftari langu kama vile nakagua.

Kuna pampu moja ya maji ilikua inakula beringi. Unafunga mpya, inakaa muda kidogo inaanza kulia tena, watu wakawa wanalaumu beringi feki za madukani (na kweli feki zipo nyingi mjini, hilo sibishi). Mzee hakugusa pampu, akaenda kwenye mota. Akaleta ile dial geji, kipimo cha mshale kinachoonyesha kitu kikisogea hata kidogo, yenye kitako cha sumaku, akaweka ncha yake juu ya mguu mmoja wa mota, akalegeza boliti ya mguu ule tu. Mshale ukapanda. Akakaza, ukashuka. Akahamia mguu wa pili, akalegeza, mshale umetulia tuli. Akamwambia dogo, huu mguu wa kwanza unaning'inia, haujakaa vizuri kwenye kitako cha mota, ukiukaza kwa nguvu bodi la mota linajipinda, shafti inakaa upande na beringi inabeba mzigo ambao sio wake. Dogo akauliza, sasa Mzee si tungenyoosha tu kwenye kapling, pale mota inapoungana na pampu, basi? Swali hilo hilo nilikua nalo mi mdomoni. Mzee akasema utanyoosha, ukija kukaza boliti itapinda tena, kwahiyo miguu kwanza. Kinachovumilika ni kama 0.05 ya milimita, ule mguu ulikua umepitiliza mbali, wakakata vishimu vya bati jembamba wakaviingiza chini ya mguu, wakakaza, wakapima upya, mshale haukucheza. Pampu ipo inafanya kazi mpaka leo.

Sasa mi mwaka wa tatu chuo nilifanya hesabu ya maisha ya beringi, ile fomula nilikua naiandika nimefumba macho. Kwa beringi ya gololi maisha yanapungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo, yani ukizidisha mzigo mara mbili unabaki na moja ya nane ya maisha yake. Nilipata A. Na nilikua sijawahi kushika beringi iliyokufa, sijui hata ikifa inafanana vipi, gololi zinachubuka, njia yake inakua na vidonda vidonda upande mmoja. Nikaja kumweleza Mzee ile ya moja ya nane tukiwa tunakunywa chai, akanyamaza akasema "kumbe ndo maana hazikai", akaanza kunihesabia mashine nyingine mbili ambazo zinamsumbua hivo hivo. Siku hiyo ndo aliniuliza swali mara ya kwanza sio kwa kunitega.

Ndo maana nasema viende pamoja. Fomula ile na mguu ule wa mota vilitakiwa vinikute wiki moja, sio vipishane miaka, na vinikute nikiwa na umri wa kuruhusiwa kuuliza.

Wenzetu Uingereza walianza hizi digrii za uanagenzi 2015. Kijana anaajiriwa na kampuni, analipwa mshahara, mara nyingi siku moja kwenye wiki anakua darasani au anapelekwa vipindi vya mkupuo, na ada analipa mwajiri na serikali, sio yeye. Watu wakiisikia hii wanakimbilia kwenye hela, na ni kweli, sisi ukianza tu kazi bodi ya mikopo inakata 15% ya mshahara na inauma. Ila mi ninachowaonea wivu ni ule umri wa miaka 18. Unaingia karakana hakuna anaetegemea ujue chochote, unashikishwa fagio, unatumwa spana namba kumi na saba unaleta kumi na tisa, unachekwa, yanaisha. Mpaka wanakuja kukuita injinia ushauliza maswali yote ya kijinga duniani.

Sio kwamba ni raha. Kazi toka asubuhi alafu jioni ukafungue kitabu cha thermodainamiki, nani anaweza kila siku? Mi Julai hii na baridi ya Chuga nikirudi na kifodi nimechoka, ripoti yenyewe ya miezi mitatu inanishinda kuanza, sembuse mtihani. Na kuna hatari ya mwajiri kukufanya kibarua wa bei rahisi, miaka inaisha unafagia tu. Kwahiyo kama tutaiga, mwanagenzi apewe mtu wake anaejulikana kwa jina, na huyo mtu alipwe kitu kwa kufundisha. Sa hivi ripoti yangu inasainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, ndivyo inavyotakiwa na sina ugomvi nae, ananisaidia sana upande wa michoro na bajeti, lakini anaenifundisha kushika ni Mzee, ambae saini yake haihitajiki popote.

Kuna anaesema huku kwetu hakuna viwanda vya kubeba hilo. Nusu nakubali. Ukizunguka Unga Limited na Themi karakana nyingi ni ndogo, kumlipia mtu ada ya digrii hawawezi. Ila vipo vikubwa, chukulia kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini (iko Moshi jamani, jina lisiwachanganye), boila zipo, umeme wanazalisha wenyewe kwa makapi ya miwa, kwenye eneo moja kijana wa mekanika na wa umeme wote wanashiba. Na Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) hapa mjini, ambacho toka 1978 kilianza kwa mkono wa Wajerumani, wana kituo chao Kikuletwa kule Hai kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji, kwahiyo wazo la kumpeleka mwanafunzi kwenye mashine sio geni. VETA nao wana uanagenzi wa darasani kiasi na kazini kiasi, ila huo ni wa ngazi ya fundi, na mi naona tatizo lipo hapo hapo, tumeamua fundi ndo ajifunze kwa mikono na injinia ajifunze kwa makaratasi alafu tunawakutanisha kazini tunashangaa hawaongei.

Yule dogo wa fildi kashamaliza kaondoka. Mwezi ujao wanaleta mwingine, nishaenda kwa msimamizi kuomba apangwe kwenye zamu yangu.