Shahada mbili kwa mpigo Marekani, ya sanaa (BFA) na ya masomo ya jumla (BA): hesabu zake

Mleta uzi amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), anachora, na anauliza kama anaweza kusoma uchoraji na historia kwa wakati mmoja Marekani akatoka na shahada mbili. Inawezekana, mkuu. Ila wengi wanaouliza hili huanzia kwenye jina la chuo, wakati kinachoamua kama utamaliza ni saa za studio (kozi za vitendo za kuchora na kutengeneza kazi) na ada ya mwaka wa tano. Nianzie huko.

BFA ni shahada ya fani yenyewe. Kwa viwango vya NASAD, chombo kinachotoa ithibati kwa shule za sanaa Marekani, takribani asilimia 65 ya masomo yake ni sanaa na ubunifu, historia ya sanaa ikiwemo. Kwenye shahada ya krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), hizo ni krediti 78 hivi. Zinazobaki, kama 42, ni uandishi, historia, falsafa, sayansi na kadhalika. BA ina somo kuu moja, kisha nafasi kubwa ya kuchagua masomo mengine. Ndiyo maana shahada mbili hazichukui miaka minane: zile 42 za BFA unazifidia kwa kozi za BA, na nafasi huria za BA unazijaza kwa studio. Mzigo usiofidiana ndio unaozaa mwaka wa tano. Ukiambiwa utapata zote mbili kamili kwa miaka minne, omba uonyeshwe ratiba muhula kwa muhula kabla hujakubali.

Sasa studio. Kozi ya darasani ya krediti 3 inakuweka darasani saa 3 hivi kwa wiki. Studio ya krediti hizohizo inakula kama saa 6, na kazi ya usiku iko palepale. Tena saa hizo huja kwa mkupuo, asubuhi hadi mchana au kutwa nzima. Hapo ndipo ratiba inapovunjika. Kozi za lugha za mwaka wa kwanza mara nyingi hukutana siku 4 au 5 kwa wiki, kwa hiyo lazima zigongane na studio ya kutwa. Kama chuo kinadai lugha ya kigeni, uliza mapema, kwa barua pepe, kama aliyesoma kwa Kiswahili anasamehewa au anaweza kufanya mtihani wa kupimwa. Vyuo kadhaa vinaruhusu, na msamaha huo unakufungulia mihula kadhaa. La pili: studio za ngazi ya juu zina mfuatano, na nyingine hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa moja kwa sababu ya semina ya historia, unaisubiri mwaka mzima. Kwa hiyo panga studio kwanza, halafu kozi za BA zizunguke hapo. Kinyume chake hakifanyi kazi.

Mipango yenyewe inatofautiana sana. Unaojulikana zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Brown na RISD (Rhode Island School of Design, chuo cha sanaa), vyuo viwili vilivyo jirani kabisa kwenye kilima kimoja mjini Providence, jimbo la Rhode Island, ulioanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Ni miaka 5. Unaomba vyuo vyote viwili, kila kimoja kikukubali kivyake, kisha kamati ya mpango wa pamoja ikupitishe. Ukikubaliwa upande mmoja tu, unaweza kwenda huko peke yake. Mwaka wa msingi wa RISD una studio tatu: kuchora, ubunifu na kazi za maumbo ya pande tatu. Kwa asiyezoea ni mzito kweli. Brown haina orodha ya kozi za lazima kwa wote, na hilo ndilo linaloufanya mpango huu uwezekane. Kalenda za vyuo hivi nazo hazifanani: RISD ina muhula mfupi wa majira ya baridi kati ya mihula mikuu miwili.

Chuo Kikuu cha Tufts kiliichukua shule ya sanaa ya SMFA (School of the Museum of Fine Arts) mwaka 2016, na mpango wao wa miaka 5 uko ndani ya chuo kikuu kimoja. Lakini studio ziko Fenway, Boston, na madarasa mengine yako Medford, mji jirani. Weka muda wa basi kwenye ratiba, la sivyo utapoteza siku nzima kwa kozi moja. SMFA haikulazimishi kuchagua fani moja. Inamfaa anayejua anachotaka, inamtesa anayehitaji kuelekezwa. New School ya New York inaunganisha shule zake mbili, Parsons (ya sanaa na ubunifu) na Lang (ya masomo ya jumla), kwa miaka 5 pia. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kina BHA (Bachelor of Humanities and Arts) ya miaka 4, lakini hiyo ni shahada moja yenye pande mbili. Kwa mtu asiye na uhakika wa ada ya mwaka wa tano, mimi ningeitazama hii kabla ya zote.

Kuhusu fedha. Kuanzia walioingia mwaka 2025, Brown haiangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji wa nje inapochagua, na inafidia pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia ya aliyekubaliwa. Gharama zote kwa mwaka zimeshapita dola 90,000, kwa hiyo ahadi hiyo ni kubwa. Usichukulie kuwa inaifunga RISD pia. Swali la kuuliza kila chuo ni moja: msaada wa ada unafika hadi muhula wa kumi, au unakoma wa nane? Jibu liwe la maandishi.

Maombi hufungwa mapema Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. Matokeo yako unayo, kwa hiyo kazi iliyobaki ni potifolio (mkusanyiko wa michoro yako), na kama umeitwa JKT muda wako ni mfupi kuliko unavyodhani. Idadi hutofautiana kwa shule; RISD hutaka kazi 12 hadi 20. Kosa la waombaji wengi wa kwetu ni kujaza sura za watu maarufu zilizonakiliwa kwenye picha. Kamati inataka kuona unavyotazama. Chora sufuria, viatu mlangoni, bibi akichambua mchele, kitu chenyewe kikiwa mbele yako, na nusu ya kazi zako ziwe za aina hiyo. Zipige picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi na katikati yake. Ukiinamisha simu, mchoro unaonekana trapeza na mistari yako yote inaharibika. Kisha kata kingo, meza isionekane.

Insha ya mpango wa pamoja isiseme tu kwamba unapenda vyote viwili. Taja swali ambalo historia peke yake haitalimaliza na uchoraji peke yake hautalimaliza, mfano namna michongo ya milango ya Zanzibar ilivyobeba biashara na dini za wenye nyumba.

Mwisho, viza. Kwa F-1 (viza ya mwanafunzi), hakikisha I-20, fomu ya chuo inayothibitisha masomo yako, imeandikwa muda wa mpango mzima, vinginevyo utalazimika kuomba nyongeza kabla haujaisha. Vyuo vikiwa viwili, uliza kipi kinatoa I-20 na kama kozi za kile kingine zinahesabiwa kwenye masomo ya muda wote. Na shahada mbili za ngazi moja hazikupi OPT mbili (OPT ni ruhusa ya kufanya kazi Marekani katika fani uliyosomea): ni miezi 12 tu. Nyongeza ya miezi 24 hutolewa kwa fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), ambazo historia na uchoraji kwa kawaida hazimo.