Maswali ya Wasomaji: Gitaa la umeme la tumbo wazi, matengenezo yaanzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga solo katika bendi ndogo ya dansi hapa Tanga. Mwaka jana nilinunua gitaa la umeme la tumbo wazi, yaani lenye uwazi ndani, lile lenye matundu mawili ya umbo la herufi f, likiwa limeshatumika na kwa bei niliyoimudu. Sauti yake naipenda, lakini halishiki tyuni, na nikipanda kwenye freti (kile chuma cha kugawa noti shingoni) ya 12 kwenda juu, noti hupotoka kabisa. Nimefunga nyuzi nyembamba za inchi 0.009 kwa sababu ndizo nilizozizoea. Fundi amenishauri ninunue pikapu mpya, ambazo bei yake inakaribia nusu ya bei ya gitaa zima. Je, nitoe fedha hiyo, au gitaa la plaiwudi ni la kuachana nalo tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pikapu zisubiri. Kazi ya pikapu ni kunasa mtikisiko wa uzi na kuupeleka kwenye amplifaya, kwa hiyo uzi ukiwa umepotoka, pikapu ya bei kubwa itautangaza upotofu huo kwa uwazi zaidi. Matatizo yote mawili uliyoyataja, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yanaelekea kutokana na nyuzi na daraja, kile kipande kinachozibeba nyuzi juu ya tumbo, na tiba yake ni ya gharama ndogo sana.

Kuhusu plaiwudi, ondoa wasiwasi. Gibson ES-175, gitaa lililotoka mwaka 1949 na ambalo wapigaji wa jazi wanalienzi hadi leo, uso wake ulikuwa wa mbao za maple zilizogandishwa kwa matabaka, na ndivyo ilivyokuwa pia kwa ES-335 ya mwaka 1958. Mbao za matabaka hazicheki na kununa kwa unyevu kama ubao mzima unavyofanya, na mtu anayeishi pwani ana kila sababu ya kulifurahia jambo hilo. Magitaa ya bei nafuu ya siku hizi, kama yale ya mfululizo wa Artcore wa Ibanez au Streamliner wa Gretsch, yanafuata ujenzi huohuo. Kwa maoni yangu, kinachotofautisha zaidi gitaa la bei ndogo na la bei kubwa ni muda ambao fundi aliutumia kulimalizia, na muda huo unaweza kuulipia sasa, polepole.

Anza na daraja. Katika magitaa mengi ya aina hii daraja halikufungwa kwa skrubu, bali limekaa juu ya uso wa gitaa kwa mgandamizo wa nyuzi peke yake. Nyuzi za 0.009 huligandamiza kwa nguvu ndogo mno, hivyo kila unapovuta uzi kupandisha noti, daraja nalo husogea kidogo, na ukimaliza wimbo mmoja gitaa zima limekwisha kupotoka. Funga seti nene zaidi, ya 0.011. Vidole vitalalamika kwa muda, kisha vitazoea, nawe utasikia noti zimejaa kuliko mwanzo. Kwa kuwa nyuzi nene huvuta shingo zaidi, huenda ukalazimika kukaza chuma kilichomo ndani yake. Kaza robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha upige na kusikiliza kabla ya kuendelea.

Siku hiyohiyo ya kubadili nyuzi, bandika vipande vya tepu ya karatasi kuonyesha daraja lilipokuwa, kisha ulitoe na kuligeuza. Ukiona kitako chake kinagusa uso wa gitaa kwenye kingo tu, laza karatasi ya msasa juu ya uso huo, upande wa makali ukiangalia juu, na usugue kitako mbele na nyuma palepale kinapokaa mpaka kifuate mbinuko wa ubao. Huhitaji mashine yoyote kwa kazi hiyo, na sauti hubadilika kwa namna ambayo huwashangaza wengi. Ukisharudisha nyuzi na kutyuni, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza na uupige, kisha ukandamize hapohapo na uupige tena. Noti ya pili ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kuelekea mkiani, nyuzi zinakofungwa. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Fanya hivyo kwa uzi wa kwanza na wa sita, na hizo nyingine uzirekebishe kwa skrubu ndogo za daraja kama zipo. Tangu siku hiyo ubadilishe uzi mmoja mmoja, usizitoe zote kwa pamoja.

Ukisikia mlio wa "tik" unapokaza uzi, ujue umenasa kwenye mfereji wa kile kipande cha plastiki kilicho kati ya shingo na kichwa. Paka unga wa penseli humo. Tatizo likiendelea, fundi mzuri anaweza kukuchongea kipande kingine kwa mfupa wa ng'ombe.

Baada ya yote hayo, piga gitaa kwa miezi michache. Ikiwa bado sauti yake haikuridhishi, ndipo uzungumzie pikapu, na upime kwanza vipimo vya tundu la pikapu, maana aina za pikapu kama Filter'Tron au P-90 haziingii kila mahali. Gitaa la tumbo wazi kwa kawaida halina mfuniko nyuma, hivyo vidhibiti vya volyumu na toni hutolewa na kurudishwa kupitia tundu la f. Mwambie fundi afunge uzi wa kushonea kwenye kila kidhibiti kabla ya kukisukuma ndani, ili baadaye akivute kwa uzi huo hadi kwenye tundu lake. Vidhibiti vya Kimarekani vina shingo ya milimita 9.5, wakati matundu ya magitaa mengi ya Asia ni madogo zaidi, na kuyapanua kwa haraka kunaweza kupasua rangi.

SWALI: Gitaa langu la aina hiyo huvuma vibaya tukipiga ukumbini kwa sauti kubwa, hasa kwenye nyuzi nene. Kuna dawa?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Tumbo lililo wazi hutikiswa na sauti ya spika na kuirudisha kwenye pikapu. Ndiyo sababu ES-335 iliwekewa gogo la mbao katikati, na gitaa la Lucille ambalo Gibson walimtengenezea mpiga blues B.B. King mwaka 1980 halikuwa na matundu ya f kabisa. Wewe simama pembeni ya amplifaya badala ya kukaa mbele yake, punguza besi, kisha ukate vipande vya sponji na kuvibana ndani ya matundu hayo kwa kiasi ambacho utaweza kuvitoa bila kuvuta nyaya zilizomo ndani.